Wimbo Uko Wapi? Rekodi ya Jadotville ya Mwaka 1952 na Swali la Kuwepo kwa Muziki

Kila muongo wa burudani huviachia vizazi vinavyofuata orodha ya matukio yanayohesabiwa kuwa makuu: santuri iliyouzwa kuliko nyingine, tamasha lililokusanya umati, tuzo iliyotolewa kwa mara ya kwanza, filamu iliyobadili namna vijana wanavyovaa na kutembea. Orodha za aina hiyo hudhaniwa kuwa kazi ya kumbukumbu tu isiyohitaji falsafa, ilhali ndani yake mna dai zito kuhusu kilichopo na kisichokuwepo, kwa kuwa anayeandika kwamba wimbo fulani ulizaliwa mwaka fulani amekwisha kuamua, pengine bila kujua, kwamba wimbo ni kitu, kwamba kitu hicho kina siku yake ya kuzaliwa, na kwamba siku hiyo ndiyo mashine ilipounasa. Dai hilo linachunguzwa hapa kwa kutazama tukio moja la mjini Likasi, katika Katanga ya Juu, nalo ni kurekodiwa kwa wimbo "Masanga" wa Mwenda Jean-Bosco mwaka 1952, wakati mji huo ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Swali lenyewe ni la ontolojia, yaani tawi la falsafa linalohoji vitu vipo kwa namna gani, nalo linaweza kuulizwa kwa maneno machache: wimbo huo uko wapi?

Mji ambamo swali hili linaulizwa haukuzoea kutajwa kwa sababu ya nyimbo. Jina la Jadotville lilitokana na Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji aliyeongoza kampuni kubwa ya fedha ya Société Générale na aliyekuwa mmoja wa waasisi wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906; jina la Likasi likawa rasmi mwaka 1966. Nje ya Kongo mji huu unajulikana kwa mambo mawili, la kwanza likiwa mgodi wa Shinkolobwe ulio jirani, uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotengeneza mabomu ya atomiki ya mwaka 1945, na la pili likiwa mapigano ya Septemba 1961 baina ya wanajeshi wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa na majeshi ya Katanga iliyojitenga, mapigano yaliyotengenezewa filamu mwaka 2016, filamu ambayo hata hivyo ilipigwa Afrika Kusini. Madini na vita, basi, ndivyo vilivyoandikwa juu ya jina la mji, na muziki ukaachwa kwa wataalamu wachache na wazee wenye santuri, jambo ambalo si haki hata kidogo, kwa kuwa yaliyotokea barabarani mwa Jadotville mwaka 1952 yalisikika kutoka Lusaka hadi Nairobi kwa muda mrefu kuliko milio ya risasi za 1961.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, makao makuu ya Msiri, mtawala wa Bayeke ambao asili yao ni wafanyabiashara waliotoka Unyamwezi na Usumbwa katika Tanzania ya leo, na ambaye aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Kwa nasaba hiyo Mwenda, aliyejiita baadaye Mwenda wa Bayeke, alikuwa mtoto wa safari ndefu ya watu na lugha, na Jadotville ya ujana wake iliendeleza safari hiyo kwa njia nyingine, kwa kuwa migodi na viwanda vya Panda na Shituru vilikusanya wafanyakazi kutoka vijiji vya Katanga, kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi na kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazini na, hatimaye, ya nyumbani. Gitaa lilifika katika makambi hayo pamoja na santuri za Kikuba, filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani na nyimbo za misheni, na vijana wakalifanya kuwa chombo cha mtu mmoja anayetembea, anayepiga akienda, na ambaye hadhira yake ni yeyote aliye njiani au aliyekaa barazani.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika ya Kusini na ambaye mwaka 1948 alishiriki kuanzisha Chama cha Muziki wa Kiafrika, alipofika Jadotville na mashine zake mwaka 1952 alimkuta Mwenda akipiga gitaa na akamrekodi. Mwaka huohuo "Masanga" ikapewa Tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika, na santuri zikatolewa chini ya alama ya Gallotone ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Kampuni hiyohiyo ilitengeneza magitaa ya bei nafuu, na moja kati ya hayo, la aina ya Gallotone Champion, ndilo John Lennon alilokuwa akilipiga huko Liverpool mwaka 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney. Ni jambo dogo, lakini linatosha kumkumbusha msomaji kwamba ramani ya muziki wa muongo ule haikuwa na kitovu kimoja ambacho wengine wote walikifuata kwa mbali.

Masimulizi mengi husema kwamba Tracey alimgundua Mwenda. Valentin-Yves Mudimbe, mwanafalsafa aliyezaliwa Jadotville mwaka 1941 na aliyekuwa mtoto wa shule wakati rekodi hiyo ilipofanywa, aliandika katika kitabu chake The Invention of Africa cha mwaka 1988 kuhusu kile alichokiita maktaba ya kikoloni, maana yake mkusanyiko wa maandishi, ripoti, ramani na makusanyo ambayo kwayo wageni waliipanga Afrika katika mafungu yao, hata Waafrika wenyewe wakalazimika kujisoma kupitia mafungu hayo. Mudimbe hakuwa akizungumzia gitaa, lakini dhana yake inafaa hapa, kwa kuwa kinachoitwa ugunduzi ni kule kuingizwa kwa jambo katika maktaba hiyo: kabla ya 1952 Mwenda alijulikana na watu waliosimama kumsikiliza, baada ya 1952 alijulikana na faharasa, na historia ya burudani ikaichukua tarehe ya faharasa kuwa tarehe ya wimbo. Haki inataka isemwe pia kwamba bila Tracey sehemu kubwa ya muziki wa miaka ile isingesikika leo, na kwamba yeye, aliyelalamikia mara nyingi kuharibika kwa muziki wa asili mijini, alikuwa na sikio la kutosha kutambua kwamba kijana huyu wa mjini hakuwa ameharibika.

Falsafa ya sanaa ya Ulaya na Marekani imetoa majibu mawili mashuhuri kwa swali la mahali wimbo ulipo. Jibu la kwanza, ambalo Nelson Goodman alilipa umbo kali katika kitabu chake Languages of Art cha mwaka 1968, linasema kwamba kazi ya muziki hutambulika kwa maandishi yake ya noti, na kwamba kila upigaji unaotii noti hizo bila kukosea ni upigaji wa kazi hiyo, ilhali upigaji unaokosea hata noti moja si wake. Mchoro una asili moja isiyoweza kurudiwa, bali muziki hauna asili hiyo, una maagizo tu. Jibu la pili ni la Walter Benjamin, ambaye katika insha yake ya miaka ya 1930 kuhusu sanaa na mashine za kunakili alieleza kwamba kila kazi ya sanaa ina haiba ya upekee, yaani ule uwepo wake mahali pamoja na wakati mmoja ambao hauhamishiki, na kwamba kunakiliwa kwa mashine huiondoa haiba hiyo huku kukiifikisha kazi kwa watu ambao wasingeifikia kamwe.

"Masanga" haikai vizuri katika jibu lolote kati ya hayo. Noti hazikuwepo: zile zilizochapishwa baadaye na David Rycroft, mtaalamu wa muziki aliyeandika uchambuzi wa upigaji wa Mwenda katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, zilitokana na kuisikiliza santuri, kwa hiyo haziwezi kuwa maagizo ambayo upigaji wa 1952 uliyatii. Wala asili moja haikuwepo, kwa kuwa upigaji wenyewe ulikuwa wa kubadilisha. Mwenda alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia, kidole gumba kikishika nyuzi nene na kidole cha shahada kikishika nyembamba, kila kimoja kikiwa na mwendo wake, na akiwa ndani ya mzunguko mmoja wa sauti alikwenda kwenye sura moja ya wimbo, akarudi, akaingia nyingine, akaipunguza, akaiongeza, kiasi kwamba kinachosikika ndani ya dakika chache za santuri ya mizunguko 78 ni sehemu ya mazungumzo ambayo yangeweza kuendelea jioni nzima. Santuri ilikata mahali ambapo nafasi ya upande wake iliishia. Anayeuita mwisho huo mwisho wa wimbo ameyachukua mahitaji ya mashine kuwa sura ya sanaa.

Hapa ndipo inapofaa kuingiza mjadala mwingine wa miaka ileile, ambao ulianzia Katanga na unaohusu kuwepo kwenyewe. Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi Katanga tangu mwaka 1933, alichapisha Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945, kitabu kilichodai kwamba kwa Wabantu kuwepo ni nguvu: kitu hakipo kwanza kisha kikawa na nguvu, bali kuwa kwake ndiko nguvu yake, nayo huongezeka au hupungua kwa uhusiano wake na nguvu nyingine. Mwaka 1956 Alexis Kagame, padri wa Rwanda aliyekuwa amesomea falsafa Roma, alitoa kitabu kilichoirekebisha picha hiyo kwa kutumia lugha yake ya Kinyarwanda, akapanga vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, yaani kilicho na akili, ikintu, yaani kisicho na akili, ahantu, yaani mahali na wakati, na ukuntu, yaani namna, fungu linalobeba wingi, ubora, uhusiano, mkao na kila hali ambayo kitu huwa nayo au hufanyika kwayo.

Tempels amelaumiwa kwa haki. Mshairi Aimé Césaire alisema mapema kwamba sifa hizo za kiroho ziliwapa wakoloni kisingizio cha kutowapa Wakongo ujira na heshima, na Paulin Hountondji wa Benin alikataa wazo zima la kulibandikia kabila falsafa moja ambayo hakuna mtu wa kabila hilo aliyeiandika wala kuitetea. Yapo pia mapungufu yanayoligusa jambo hili moja kwa moja: katika kitabu chake Tempels aliwadharau Waafrika wa mjini waliosoma na kuajiriwa, akiwaona kama watu waliong'olewa mizizi na kupoteza hekima ya wazee, na kwa kipimo hicho kijana wa Jadotville mwenye gitaa la dukani na santuri za Kikuba masikioni angekuwa mfano wa upotevu. Kwa hiyo mafungu ya Kagame hayatumiki hapa kama sauti ya Wabantu wote; yanatumika kama zana ambayo mwanafalsafa mmoja aliitengeneza, na ambayo itahukumiwa kwa kazi inayoifanya.

Kazi inayoifanya ni hii. Majibu ya Goodman na Benjamin, pamoja na tofauti zake, yote mawili yanautafuta wimbo miongoni mwa vitu, iwe karatasi ya noti au tukio la pekee linalonakiliwa, yaani katika fungu la ikintu au katika muungano wa ikintu na ahantu. Kagame anaruhusu uwezekano mwingine: kwamba wimbo uko katika fungu la ukuntu, kwamba ni namna ambayo mtu huwa nayo mahali fulani na wakati fulani, na kwamba hauwezi kuokotwa na kuwekwa kabatini kama vile mwendo wa mtu usivyoweza kuwekwa kabatini, ingawa nyayo zake zinaweza kupigwa picha. Kwa mtazamo huo santuri ni ikintu kinachobeba nyayo za namna. Yenyewe haiimbi, haichagui, haijibu. Inangoja umuntu aizungushe na, zaidi ya hapo, aisikie kwa sikio lililofunzwa kutambua kinachofanywa na kidole gumba na kinachofanywa na kidole cha shahada.

Jibu hili lingekuwa rahisi mno kama lingeishia hapo, kwa kuwa linazaa mara moja tatizo la utambulisho. Kama wimbo ni namna, na namna hubadilika kila inapofanywa, ni nini kinachozuia kila kitu kuwa "Masanga", au kinachozuia "Masanga" isiwe chochote? Mchoro una ubao wake, karatasi ya noti ina mistari yake, lakini namna inaonekana kuteleza mikononi. Ibada ya dini ina uzoefu mrefu wa tatizo hili kuliko falsafa ya sanaa, na Katanga ya miaka ya 1950 ilitoa mfano wake.

Kamina, mji wa reli ulio kaskazini-magharibi ya Likasi, ulikuwa na shule ya misheni ambamo Padri Guido Haazen, Mfransisko Mbelgiji, aliunda kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, ya wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15. Kwaya hiyo ilitunga pamoja naye Missa Luba, misa iliyoimba maneno ya Kilatini ya Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Benedictus na Agnus Dei kwa mitindo ya nyimbo za Wabaluba na majirani zao, na iliyoimbwa katika misa yenyewe huko Kamina mwezi Machi 1958, kabla ya kwaya kwenda Ulaya mwaka huohuo wa Maonyesho ya Dunia ya Brussels, ambako ilirekodiwa. Maneno yalikuwa yameandikwa tangu karne nyingi, lakini sauti kwa sehemu kubwa zilitungwa papo hapo ndani ya mitindo iliyojulikana na waimbaji. Noti zilikuja baadaye, zikachapishwa, na kwaya za Ulaya na Marekani zikaanza kuimba neno kwa neno na sauti kwa sauti kile ambacho wavulana wa Kamina walikuwa wamekiimba siku moja na wangeweza kukiimba vingine siku ya pili.

Theolojia ya Kikatoliki ina neno la Kiyunani, anamnesi, linalotaja ukumbusho wa aina ya pekee: ukumbusho ambao hauliwazi jambo lililopita kama picha, bali unalifanya liwepo tena mbele ya wanaolikumbuka. Kwa imani hiyo misa ya Kamina, misa ya Likasi na misa ya Roma si nakala tatu za misa moja ya kwanza, wala si misa tatu tofauti. Ni tendo moja linalofanyika katika mahali na nyakati nyingi, na umoja wake haukai katika kufanana kwa sauti bali katika kutendwa kwa nia ileile, na watu waliopokea tendo hilo kwa waliowatangulia. Kwa sababu hiyo Kanisa liliweza, katika hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya Desemba 1963, kuitaka mila ya muziki ya kila taifa ipewe heshima katika ibada, na mwaka 1988 kuidhinisha utaratibu wa misa kwa majimbo ya Zaire, bila kuona kwamba misa imegawanyika.

Kinyume chake kinaonekana katika kisa kimoja cha burudani ya muongo uliofuata. Mwaka 1968 mwongozaji Lindsay Anderson aliitumia Sanctus ya Missa Luba katika filamu yake ya if...., inayohusu uasi katika shule ya bweni ya Uingereza, ambamo mwanafunzi mkuu wa hadithi anaipiga santuri hiyo mara kwa mara chumbani kwake. Hakuna sauti hata moja iliyobadilika kati ya santuri hiyo na ile ambayo ingeweza kupigwa katika ukumbi wa parokia, na kwa kipimo cha kitu ni Sanctus ileile. Lakini kijana wa filamu hasali, na muziki uliokuwa utakatifu wa Kamina umekuwa kwake hamu ya kuvunja utaratibu. Si lazima mtu akasirike kwa hilo, na filamu yenyewe ni nzuri. Linalothibitishwa ni kwamba kufanana kamili kwa sauti hakutoshi kuleta umoja wa tendo, kama vile tofauti kubwa ya sauti isivyotosha kuuvunja.

Pwani ya Waswahili inatoa ushahidi wa upande mwingine, nao ni muhimu kwa sababu unaondoa dhana kwamba kuisifu namna ni kuruhusu ulegevu. Katika usomaji wa Kurani maandishi yamefungwa hadi herufi na irabu, na santuri na kanda zimekuwepo tangu zamani, ikiwamo rekodi ya Kurani nzima ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo msomaji anayetaka ijaza, yaani idhini ya kufundisha, hukaa mbele ya mwalimu ambaye naye alikaa mbele ya mwalimu wake, katika mlolongo unaoitwa sanadi. Msahafu haudharauliwi, wala kanda haikatazwi. Kinachosemwa ni kwamba uhakika wa usomaji unategemea kinywa kilichosahihishwa na kinywa, na kwamba kitu kilichohifadhiwa kinaweza kuusaidia mlolongo huo lakini hakiwezi kushika nafasi yake.

Kwa kuunganisha mifano hii miwili jibu la tatizo la utambulisho linaanza kuonekana. Upigaji fulani ni wa "Masanga" si kwa sababu unafanana na santuri ya 1952, bali kwa sababu umetokana, kwa mkono au kwa sikio, na upigaji wa wale waliokuwa nayo, na kwa sababu mpigaji anakubali kuhukumiwa nao, yaani kuambiwa na anayejua kwamba hapa amefuata na hapa amepotea. Huo ni umoja wa nasaba. Watoto wa ukoo mmoja hawafanani wote, na mgeni anaweza kufanana na baba kuliko mtoto mwenyewe, lakini ukoo haupotei kwa hilo, na kila aliye ndani yake anajua pa kuuliza.

Pingamizi kubwa dhidi ya jibu hili linatoka Nairobi. Wapigaji wa gitaa wa Kenya wa mwishoni mwa miaka ya 1950 wengi waliijua "Masanga" kwa santuri na redio kabla ya kumwona Mwenda, na athari yake kwao ilikuwa kubwa kiasi kwamba historia ya gitaa la vidole nchini humo haiwezi kuandikwa bila Katanga. Je, hao hawakuupokea wimbo kutoka kwa kitu? Ni kweli walianza na kitu. Lakini kilichotokea baadaye kinaonyesha kwamba kitu peke yake kiliwaacha na njaa: Mwenda alialikwa Nairobi, akakaa huko kwa muda na kuwa na kipindi cha redio, binamu yake Édouard Masengo naye akafanya kazi huko, na vijana walioisikiliza santuri wakapata kuangalia vidole. Kisa cha John Low ni cha wazi zaidi, kwa kuwa Mwingereza huyo, aliyevutwa na santuri za miaka ya 1950, alisafiri mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi Shaba, jina la Katanga la wakati huo, kujifunza kwa Mwenda, Masengo na mpigaji mwenzao Losta Abelo wenyewe, kisha akachapisha mwaka 1982 kitabu cha safari hiyo. Asingekuwa na haja ya safari kama wimbo wote ungekuwa ndani ya santuri. Alikuwa tayari na noti za Rycroft na sauti ya Tracey, vitu viwili vyenye usahihi wa kutosha, na bado alichokosa ni mtu wa kumsahihisha.

Kwa hiyo santuri inapata nafasi yake ya haki, ambayo si ndogo: ni kiungo dhaifu cha mlolongo ambacho kwa bahati kina urefu usio wa kawaida, kinachoweza kuvuka mpaka na bahari na miaka sabini, ilhali hakiwezi kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Biashara ya muziki ilikichukua kiungo hicho kuwa mlolongo wote, na haikuwa ajabu katika mji ambao shaba yake ilikuwa ikipelekwa mbali ikaongezewe thamani: sauti ilichukuliwa barabarani Jadotville, ikatengenezwa santuri Afrika Kusini, ikarudi Katanga ikiwa na bei.

Mwaka 1988 Mwenda, ambaye kati ya hapo alikuwa amefanya kazi za ofisini na za biashara, amepanda jukwaa la Newport nchini Marekani mwaka 1969 na kuzunguka Ujerumani mwaka 1982, alirekodi Cape Town albamu ya nyimbo zake za zamani, na "Masanga" ikapigwa humo zaidi ya mara moja, kila mara kwa mpangilio wake. Miaka miwili baadaye alifariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia. Anayeamini kwamba wimbo ni kitu kilichozaliwa 1952 hana budi kuziona rekodi za Cape Town kama nakala za mzee, pungufu kwa ubora au la, za asili ya kijana. Na wahakiki wengi wa santuri hufikiri hivyo bila kusita. Kwa mtazamo unaotetewa hapa mambo yamegeuka: upigaji wa 1952 ni mmoja kati ya upigaji mwingi wa "Masanga" ambao ulikuwa na bahati ya kusikilizwa na mashine, na ule wa 1988 ni mwingine wa daraja lilelile, ukiwa na faida ya miaka thelathini na sita ya mkono uleule. Tukio kuu la 1952 lilitokea kweli, lakini lilikuwa tukio la kusikika, si la kuzaliwa.

Sheria nayo haijaliamua swali la wimbo ni nini. Mkataba wa Roma wa Oktoba 1961 uliwapa wapigaji, watengenezaji wa rekodi na mashirika ya utangazaji haki zao, kando ya haki za mtunzi zilizotambuliwa na Mkataba wa Bern tangu 1886, na hivyo ukatenganisha kazi, upigaji na rekodi kama mambo matatu. Mkabidhi wa namna, yule anayekaa na kijana na kumwonyesha kidole gumba kiende wapi, hana fungu. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi usioshikika ulikaribia zaidi kwa kutambua matendo badala ya vitu, na kwa njia hiyo rumba ya Kongo zote mbili iliingizwa katika orodha yake Desemba 2021, ingawa orodha nayo hudai jina, mipaka na faili, na faili ni kitu. Rekodi za Tracey ziko katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo tangu 1978 imekuwa chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes huko Makhanda, Afrika Kusini, na "Masanga" ya 1952 inapatikana leo kwa simu ya mkononi mtaani Kikula, mjini Likasi, kama inavyopatikana London. Anayeishi Kikula na anayetaka kuipiga bado anahitaji kumpata mtu aliyefundishwa na mtu, na kama mlolongo huo utakatika Katanga ukabaki Nairobi au Ulaya, itabidi kukubali, kwa mujibu wa hoja hii yenyewe, kwamba wimbo umehamia huko.